Mwanakheri Avuta Gubiti

Paukwa!
Pakawa!
Pakawa nini?
Pakawa moto na sufuria!
Basi sogeeni, na atakayesinzia afinywe.

Hapo kale palikuwa na msichana, jina lake Mwanakheri, ambaye hata kupika uji kulimshinda. Siku hiyo wazazi wake walikwenda arusini, wakamwachia mdogo wake, Mize. Mara mlango ukagongwa, ngo, ngo, ngo! Nani? Zimwi!

"Nataka kitu kitamu," likanguruma. "Na kitamu nikionacho humu ni huyo mdogo."

Mwanakheri akamficha Mize nyuma yake, akasema, "Babu, kipo kinachomshinda kwa utamu. Nitakupikia gubiti."

Gubiti! Ile peremende ya kuvutwa! Na yeye alikuwa akimwona tu bibi yake akipika. Mkono wake haujawahi kugusa. Lakini angefanyaje, jamani?

Akabandika maji na sukari, akakamulia ndimu. Shira ikatokota. Akadondosha tone kwenye bakuli la maji baridi. Likayeyuka.

"Imeiva?"

"Bado, babu. Vuta subira."

Akadondosha la pili. Likalala chini, laini kama nta.

"Imeiva?"

"Bado, babu. Vuta subira."

Akadondosha la tatu. Akaligonga kwa ukucha: ta! Gumu; imeiva.

Akamimina shira kwenye sinia lililopakwa samli, akaiacha ipoe kidogo, akaitundika kwenye msumari wa ukutani. Akavuta, akakunja. Akavuta, akakunja. Akavuta, akakunja. Hee, wenzangu! Shira ya rangi ya asali ikaanza kung'aa. Ikawa fedha. Ikawa hariri! Mwanakheri akaiogopa mikono yake mwenyewe. Mize akasahau kulia. Zimwi nalo likakaa kitako, mdomo wazi, wala si kwa njaa.

Likapewa kipande. Likatafuna. Machozi yakalitoka.

"Sijapata kuonja kitu kama hiki!" Kisha likajipangusa. Zimwi ni zimwi. "Nitakula hii, na mtoto pia."

Mwanakheri akadakia, "Ukitula, kesho atakupikia nani? Bora ujifunze."

"Kweli. Unatia nini?"

"Maji, sukari na ndimu."

"Na kile kingine! Nimekusikia: vuta subira. Iko wapi hiyo subira, nami niivute?"

Mmelisikia? Mwanakheri akauma ulimi asicheke.

"Haiuzwi dukani, babu. Huja yenyewe. Nenda kwako porini, ukae mbele ya moto, unyooshe mikono, usile mtu mpaka ije."

"Itakuja lini?"

"Ah, babu! Ukiuliza hukimbia."

Zimwi likatoka mbio. Likawasha moto, likakaa. Mpaka leo limekaa kimya, mikono mbele, linaingoja subira. Halijui kwamba ndiyo hiyo.

Na hapo ndipo sufuria yangu ilipokauka. Kama palikuwa na utamu, lambeni nyote; kama palikuwa na uchungu, niachieni niuteme mwenyewe.