Hotuba ya Mkuu wa Chuo

Bwana Kiondo, mkuu wa chuo, alifunga video zote kwenye mtandao wa chuo, na fainali ya soka ilikuwa Jumapili. Wanafunzi walinung'unika tu, ila Zamaradi alikwenda ofisini kwake.

"Shikamoo, Mkuu. Hotuba yako ya mahafali iko mtandaoni. Chuo cha jirani wanaitazama, sisi wanafunzi wako hatuioni."

"Marahaba. Wanaitazama kweli?"

"Wanaikariri, Mkuu."

Palepale Bwana Kiondo akampigia simu fundi wa mitambo. "Fungua video! Jumapili wote wakae bwaloni waitazame."

Jumapili alasiri alipita nje ya bwalo na mkewe, akasikia vuvuzela, vigelegele na meza zikipigwa. Machozi yalimlengalenga.

"Unawasikia?" alimwambia mkewe. "Hapo nimefika kwenye nidhamu."