Jini wa Lango Aliyemkana Sultani

Katika mji wa Sharafu alitawala Sultani Ghalibu bin Mundhiri, na mji ule ulikuwa na adabu iliyopita kiasi, maana salamu za barazani peke yake zilitosha kuivisha chungu cha maharage, na aliyetaja shida yake kabla ya kuzimaliza alihesabiwa mshenzi. Na langoni pa kasri alikaa jini Harzamu, aliyefungwa na babu yake Sultani kwa kiapo kimoja: asimtambue mtu kwa sura wala kwa nasaba, ila kwa harufu ya miski anayopakwa kiganjani na bawabu. Harufu ikiisha, jini humnyanyua mtu huyo na kumtua nje, na maneno yake yote aliyosema tangu apakwe mara ya mwisho hufutika vichwani mwa waliomsikia. Mnashangaa? Ngojeni, bado sijafika.

Ikatokea kwamba Hilali sonara amehukumiwa kukatwa kichwa mara tu ngoma ya alasiri itakapolia, kwa sababu aliitwa kasrini kukaza kito cha pete ya Sultani, na kesho yake pete haikuonekana. Mchumba wake, Barke binti Mfaume, mtengeneza mavumba ya manukato, alikuwa ameletewa gudulia la mavumba kutoka kasrini alijaze upya, na alipotia mkono akaikuta pete chini kabisa. Akaifunga pindoni mwa mtandio na kukimbilia kasrini.

Akapakwa miski, akaingia, akapiga magoti. "Amani na rehema zikushukie, ewe Maulana, kivuli cha wanyonge, na zimshukie babu yako wa kwanza, na babu yako wa pili..." Alipomfikia babu wa saba na kuanza kulifungua fundo la mtandio, miski ikakauka, na Harzamu akamkamata ukosini kama paka abebavyo mtoto wake, akamtua nje. Barazani, Sultani akawauliza mawaziri, "Tulikuwa tunazungumza na nani?" Hakuna aliyejua.

Barke akamgeukia jini. "Bwana jini, nilibakiza neno moja tu."

"Sikujui," akasema Harzamu, na hakusema kwa chuki. "Simama kwenye mstari."

Akasimama, akaingia tena, na salamu zikaanzia kwa babu wa kwanza kwa kuwa Sultani hakukumbuka hata moja, na safari hii jasho la hofu liliimaliza miski mapema zaidi. Akajikuta nje, analia waziwazi bila kumwonea mtu haya, na jua limeshainama.

Alipofika mbele ya mstari kwa mara ya tatu, na bawabu ameinua kijiti cha miski, ndipo lilipotokea lisilowahi kuonekana. Sultani alikuwa amekula halua na kunawa kwa sabuni mpaka viwikoni, na mtumishi wa kumpaka upya amesinzia. Jini akatoka na mtu mkononi, kilemba kimekwenda upande, akamtua vumbini miguuni pa Barke. Subhana! Ni Sultani mwenyewe.

"Harzamu," akasema Sultani, "mimi ndimi bwana wako."

"Sikujui. Simama nyuma ya mstari."

Bawabu naye hakuthubutu kumpaka miski mtu asiye na zamu, kwa kuwa mstari nao ulikuwa chini ya kiapo. Barke akamtazama Sultani, na salamu zikamjaa kinywani kwa mazoea, akazimeza.

"Maulana, pete yako hii hapa. Ilikutoka kidoleni ulipochota mavumba. Hilali hana kosa, na kichwa chake kinakatwa sasa hivi."

Sultani akaipokea pete kwa mshangao, maana tangu atawale hajapata kuelezwa jambo kwa pumzi moja. Akamwonyesha jini ile pete. "Pete sizijui," akasema Harzamu. Na kutoka ndani wakamsikia mpiga ngoma akizikaza kamba za ngoma yake.

"Chukua zamu yangu," akasema Barke. "Nikiingia mimi nitakuta kiti kitupu." Akatoka mstarini, na hakujua kama mtu yule akishakuwa ndani atamkumbuka, akakaa chini kando ya lango.

Lakini jini hakuwa na amri juu ya maneno yaliyosemwa nje ya lango. Sultani akapakwa miski kama mchuuzi yeyote, akapita mbio mbele ya mawaziri wake, na mpiga ngoma alipoinua fimbo akaudaka mkono wake. Hilali akafunguliwa, shingo imeshanyolewa tayari kwa upanga.

Ndipo Sultani akambadilishia Harzamu kiapo: kabla harufu haijaisha amnong'oneze mtu na kumuuliza kama angali na haja, na akisema ndiyo apakwe papo hapo, na anayelazimika kutoka, maneno yake yahifadhiwe, akirudi aendelee pale alipoachia. Jini akashangaa kuliko wote. "Miaka yote hii, mbona hakuna aliyeniamuru hivyo?"

"Kwa sababu waliojua shida hii walikuwa nje," akasema Barke.

Barke na Hilali wakaozwa mle mle kasrini, wakapewa nyumba ya ghorofa na dhahabu ya kuwatosha wao na wajukuu wao. Sultani akasimama mbele ya karamu kuwaombea dua, akaanza na babu wa kwanza, na alipofika kwa wa nne Harzamu akamwinamia sikioni. "Maulana, miski inakwisha. Unaendelea, au umemaliza?"

Sultani akamtazama Hilali, ambaye bado alikuwa akijishikashika shingo. "Nimemaliza," akasema. "Kuleni."

Basi nanyi mnaolinda milango, siku mtakapomwambia mtu hamumjui, mwulizeni kwanza alikuwa amefika wapi.