Asali ya Nakijwa

Sogeeni, wajukuu zangu, kisa kinakuja. Semeni: kije na watu wake! Haya, kimekuja na watu wake.

Zamani, zamani ile ambayo bibi yangu mwenyewe aliikuta ikisimuliwa, huko milimani kwetu aliishi mjane mmoja, jina lake Nakijwa. Alikuwa na nyumba ya nyasi, ng'ombe mmoja, na mzinga wa nyuki mtini nyuma ya nyumba. Tena alikuwa na adui. Adui huyo ni jirani yake Mrindoko, mtu wa maneno makali, ambaye aligombana naye kila kiangazi juu ya maji ya mfereji.

Basi alasiri moja Nakijwa anatoka shambani, akaona moshi. Akakimbia, akakimbia, akafika. Nyumba imeteketea, na ng'ombe ndani yake. Mnajua ng'ombe mmoja kwa mjane ni nini? Ni maziwa, ni samadi, ni heshima. Alikaa chini akalia.

Kabla hajafuta machozi, watu walikwisha kumfunga Mrindoko kamba. Nani mwingine, walisema, kama si yeye? Wakampeleka kwa Mfumwa, mtawala wa milima ile. Na adhabu ya mchoma nyumba ilikuwa kufukuzwa milimani, yeye na mkewe na watoto wake, washuke nyikani kwenye simba na kiu.

Wazee wakamwambia Nakijwa kwamba neno moja tu linatakiwa: aseme alimwona. Naye, wajukuu zangu, alitamani kulisema. Lilikuwa limemjaa kinywani. Akamtazama Mrindoko pale chini, akamchukia kama siku zote. Kisha akasema:

"Niliona moto. Mtu sikumwona."

Watu wakanung'unika. Shemeji yake akamnong'oneza kwamba anajiharibia mwenyewe. Nakijwa akamwomba Mfumwa ampe hadi kesho. Akapewa.

Akarudi kwenye majivu, akatafuta. Akatafuta mbele, akatafuta nyuma. Nyuma akaukuta mzinga wake chini, umepasuliwa, asali imekombwa. Kando yake kulikuwa na kienge cha magome, kile cha kufukizia nyuki, kimeungua nusu, na kutoka hapo nyasi zilizoungua zilikwenda moja kwa moja hadi ukutani. Nakijwa akasimama, akawaza.

Kesho yake akaweka kienge na mzinga mbele ya Mfumwa, akaeleza alipovikuta.

"Aliyefanya hivi alikurupushwa na nyuki akatupa moto," alisema. "Nyuki wangu ni wakali. Hakuondoka bila kuumwa. Mtazameni Mrindoko."

Wakamtazama uso, shingo, mikono. Hana hata kipele.

Ndipo Nakijwa akaangaza macho barazani. Watu wote wapo, isipokuwa mmoja. Senkondo, mtoto wa Mfumwa mwenyewe, alisemekana anaumwa jino, kajifunika ndani tangu jana. Nakijwa akamgeukia Mfumwa. Akasema:

"Mfumwa, naomba na mwanao asimame hapa, kama alivyosimama Mrindoko."

Mzee mmoja akamshika mkono amkalishe. Akautoa mkono wake. Mfumwa akaagiza mwanawe aitwe.

Senkondo akaja na shuka usoni. Baba yake akaiondoa kwa mkono wake mwenyewe. Uso umevimba kama boga, jicho moja limefumba.

"Nilitaka asali tu, baba," akasema. "Walipomfunga Mrindoko, niliogopa."

Mfumwa akainuka. Akaenda akamfungua Mrindoko kamba yeye mwenyewe, kisha ndipo akahukumu: Senkondo ajenge nyumba ile kwa mikono yake, alipe ng'ombe na ndama wake, na amwombe radhi Mrindoko mbele ya wote, maana kunyamaza kwake kulikuwa kubaya kuliko moto.

Na tangu siku hiyo, kila aliyeleta mashtaka barazani aliulizwa kwanza: umeona, au umedhani? Kama umeona, tuonyeshe.

Basi wajukuu zangu, mkiitwa kutoa ushahidi, semeni mlichokiona, hata kama kinamwokoa msiyempenda, hata kama kinamgusa mkubwa. Hukumu isiyotazama ukweli ni kamba tu, na kamba haichagui shingo.

Kisa kimerudi kwake, watu wake kimewaachia ninyi. Semeni: tumewapokea!