Usukani wa Mzee Honi

Mtu akienda dukani kununua jembe, akasimama mbele ya majembe kumi, akapima mpini wa hili, akagonga bapa la lile, kisha akasema atarudi kesho kwa kuwa amesikia mengine yanakuja, mwache na majembe yake. Jirani yake mwenye jembe la mpini uliofungwa waya ameshamaliza matuta, na mvua haimsubiri anayepima mipini. Hiyo ndiyo maana ya methali isemayo mchagua jembe si mkulima. Wengi huitumia kumcheka mvivu. Lakini binti wa hadithi hii hakuwa mvivu hata chembe. Alichagua kwa mapenzi, na mapenzi hayo nusura yamponze baba yake.

Baba huyo alikuwa dereva wa malori kwa miaka thelathini na minne. Watoto wa mtaa walimwita Mzee Honi, kwa sababu kila aliporudi safari alipiga honi mara mbili kwenye kona ya duka la mikate, na kabla vumbi halijatua binti yake wa pekee alikuwa ameshatoka mbio, kiatu kimoja mguuni na kingine mkononi. Binti alikua, akasoma, akawa mpima macho. Mama yake alipofariki, alimchukua baba yake wakaishi pamoja katika nyumba ya vyumba vitatu, juu ya duka la kushona mapazia.

Kiharusi kilikuja asubuhi moja mzee akipiga mswaki. Mguu ulipata nafuu baada ya wiki chache, akaweza kutembea kwa mkongojo. Mkono wa kushoto ulibaki umelala mapajani kama glavu ya mtu mwingine. Mtaalamu wa viungo, mama mnene mwenye sauti ya kuamrisha, alimpa mpira mdogo wa kufinya. Mzee aliutazama, akauweka chini.

"Mama, mimi nimeshika usukani wa lori la tani thelathini. Huu mpira mpelekee mjukuu wako."

"Kwa hiyo nikuletee usukani?"

"Ukiwa nao, lete."

Yule mama hakukasirika. Alimvuta binti kwenye korido, akamweleza kwamba siku hizi kuna magemu ya kuendesha malori kwenye kompyuta, tena yana usukani wa kushika na pedali za kukanyaga, na kwamba mgonjwa akipenda zoezi lake hulifanya mara mia bila kusukumwa.

"Lakini nisikilize, mdogo wangu," akasema. "Mkono huamka vizuri zaidi katika miezi sita ya mwanzo. Baada ya hapo mlango haufungwi, ila unakuwa mzito kuusukuma. Usikawie."

Binti aliapa kwamba hatakawia. Jumamosi hiyo hiyo alinunua usukani mzuri uliofungwa ngozi, pamoja na pedali zake. Mzee aliipapasa ile katoni kwa mkono wake mzima, akacheka kwa mara ya kwanza tangu augue. Ikasalia kompyuta tu. Iliyokuwapo nyumbani ilikuwa ya kuandikia barua tu. Gemu lile lingeizimisha kabla lori halijawaka.

Binti alikata shauri kuijenga mwenyewe, kipande kwa kipande, iwe kompyuta ya kifalme. Fedha aliweka akiba ya kutosha. Tatizo lilikuwa mahali pengine. Kazi ya mpima macho ni kumwekea mtu vioo mbele ya jicho kutwa nzima na kumuuliza, "Ya kwanza au ya pili?" Mtu akijibu ya pili, anaiweka hiyo kando ya nyingine na kuuliza tena. Aliyezoea kazi hiyo miaka kumi haamini kwamba kuna kitu kizuri kisichokuwa na kizuri zaidi nyuma yake.

Duka la vipuri vya kompyuta lilikuwa mtaa wa pili, na mwenyewe alikuwa fundi mwembamba aliyevaa miwani aliyopimiwa na binti huyo huyo. Orodha ya kwanza aliisoma akatikisa kichwa kwa kuridhika.

"Hii itakwenda, dada. Kesho kutwa nakuletea vyote."

"Ngoja kwanza. Hii kadi ya picha ndiyo bora?"

Fundi alikuwa mkweli, na ukweli wake ukawa kuni kwenye moto. "Ipo iliyo bora kuliko hii. Bora haikosekani."

Basi binti akachagua kadi iliyo bora, ile inayochora barabara hadi kokoto zake. Kadi hiyo ilikuwa na kiu ya umeme, kwa hiyo kisanduku cha kugawa umeme ndani ya kompyuta kikabidi kiwe kikubwa zaidi. Kisanduku kikubwa hakikuenea kwenye kasha, akatafuta kasha jingine. Kasha jipya likataka feni sita. Alipomaliza kuchagua rangi ya feni, akasoma mahali kwamba mwezi ujao kunatoka kadi mpya. Akarudi mwanzo. Siku nenda siku rudi, orodha zikaandikwa nyuma ya makaratasi ya kupimia macho: ya tatu, ya sita, ya nane.

Mama wa mazoezi alipokuja kila Alhamisi aliuliza, "Usukani uko wapi?" na binti alijibu, "Kompyuta iko njiani." Mzee mwenyewe hakulalamika. Ulimi wake ulikuwa mzima kabisa, ila alikuwa akizidi kunyamaza. Akiulizwa na majirani, alisema kwa fahari kidogo, "Kompyuta yangu bado inachaguliwa." Mpira wa kufinya ulikuwa umepotelea chini ya kochi na hakuna aliyeutafuta. Mwezi wa sita ukapita hivyo hivyo.

"Dada," fundi akamwambia binti alipopokea orodha ya kumi na moja, "nikuulize jambo usinichukie. Hiyo kompyuta ni ya nani?"

"Ya baba. Ndiyo maana sitaki kubahatisha. Mtu aliyeendesha malori ya kweli, nimpe picha zinazokwamakwama? Ataniona nimemdharau."

"Umemuuliza?"

Binti aliichukua tena orodha yake. Alisema tu kwamba wasubiri ile kadi mpya, mwezi mmoja si mwaka.

Siku mbili baadaye umeme ulikatika kazini kwake, akarudi nyumbani saa sita mchana. Alipofika mlangoni alisikia sauti ya ajabu kutoka sebuleni, mngurumo wa chini chini uliopanda, ukakatika, ukaanza upya kwa sauti nzito zaidi. Alisukuma mlango taratibu.

Mzee Honi alikuwa amekaa mbele ya meza ya chakula. Usukani aliutoa kwenye katoni, akaubana ukingoni mwa meza kwa mkono mmoja, Mungu anajua ilimchukua muda gani. Waya wake ulining'inia sakafuni, haukuchomekwa popote. Mkono wa kushoto aliufunga kwenye usukani kwa leso yake ya shingoni, ili usianguke. Mbele yake hapakuwa na skrini. Palikuwa na ukuta mtupu, na mzee aliutazama kwa makini, akikata kona, akinguruma kwa midomo, akikanyaga breki ambayo haikuwa imeunganishwa na kitu.

Ubao wa sakafu ukalia chini ya kiatu cha binti. Mzee aligeuka, uso ukamshuka kwa aibu.

"Nilikuwa naangalia tu kama ni kizima," akasema. "Vitu vya siku hizi, huwezi jua."

"Ulikuwa unakwenda wapi, baba?"

Mzee aligusa fundo la leso. "Sikuwa nakwenda. Nilikuwa narudi nyumbani."

Binti alikaa sakafuni pale pale, kichwa akakilaza kwenye paja la baba yake, akalia. Alimwambia yote: kwamba alitaka kilicho bora, kwamba kila alipofika mwisho wa orodha aliogopa, kwamba miezi sita imekwisha mikononi mwake.

"Inuka, mama," mzee akamwambia, kwani ndivyo alivyomwita tangu utotoni. "Lori langu la kwanza unalijua? Halikuwa na mlango wa kushoto. Niliweka kamba. Mvua ikinyesha naloa upande mmoja, jua likiwaka nakauka. Wenzangu walisubiri kampuni ilete magari mapya. Mimi nikapakia. Kamba ile ndiyo iliyokusomesha mpaka leo unapima watu macho."

"Mbona hukuniambia, baba? Mbona uliniacha nikichagua?"

"Ulikuwa unafurahi ukichagua. Mtu hamkatizi mwanawe akimpenda."

Binti alifuta uso, akashuka ngazi, akafululiza hadi dukani kwa fundi.

"Nipe kilichopo."

"Kilichopo kipi, dada?"

"Chochote kilichopo leo kinachoweza kuendesha lile gemu."

Fundi hakutaka kumpa nafasi ya kujiuliza mara mbili. Alikusanya haraka haraka: kadi ya picha iliyotumiwa na mtu miaka miwili, feni yake ikikwaruza, kasha lililokwanguka, lisilo na kifuniko cha ubavuni, kisanduku cha umeme cha wastani, na skrini yenye doa dogo kwenye pembe. Binti aliona lile doa. Jicho lake lilizoea kuona. Akapiga moyo konde, akabeba.

Waliijenga pamoja alasiri ile, juu ya meza ile ile. Mzee alishika bisibisi kwa mkono wa kulia, na ule wa kushoto aliulaza juu ya waya ili zisitambae. Kila kipande alitaka kujua kazi yake.

"Hii ndogo ya katikati?"

"Hiyo ndiyo inayofikiri na kufanya kazi yote, baba."

"Injini. Na hili lifeni juu yake?"

"La kuipoza."

"Rejeta. Endelea."

Binti alipofungua kijitubu cha dawa inayopakwa kati ya injini hiyo na feni ili joto lipite, mzee alimshika mkono. "Polepole na hiyo grisi! Tone linatosha. Ukizidisha, hata beringi hununa." Binti alicheka hadi skrubu ikamponyoka, wakaitafuta chini ya meza wote wawili, mkongojo ukitumika kufagilia. Meza ilikuwa ikicheza, kwa hiyo binti aliikunja orodha ya kumi na moja mara nne, akaiweka chini ya mguu mmoja. Meza ikatulia.

Kompyuta iliwaka mara ya pili ya kujaribu. Safari ya kwanza ya Mzee Honi haikufika mbali. Alikata kona, mkono wa kushoto ukachelewa, lori likaingia mtaroni matairi juu. Alilitazama kwa mshangao, kisha akaangua kicheko.

"Miaka thelathini na minne sijaangusha gari!" akasema. "Hebu liinue, tuondoke."

Tangu siku hiyo hakuhitaji kusukumwa. Aliendesha asubuhi, akaendesha alasiri, leso ikiwa imefungwa. Baada ya wiki tano leso ikalegezwa. Baada ya miezi mitatu ikarudi shingoni. Mama wa mazoezi alikuja akapima kidole kimoja kimoja: cha shahada kilikuwa kinajikunja, cha kati pia, na gumba lilikuwa likijaribu. Viwili vya mwisho havikuwa na habari.

Binti alimsindikiza hadi chini, akamuuliza, "Kama tungeanza mwezi wa pili?"

Mama wa mazoezi alimtazama, akachagua kutomdanganya. "Siwezi kuapa, mdogo wangu. Lakini mapema ni mapema."

Mzee alipomwona binti yake amerudi na macho mekundu, alijua bila kuambiwa. Aliinua mkono wake wa kushoto kwa kuusaidia na wa kulia, akavitazama vile vidole viwili. "Hivi sikuwa nikivitumia," akasema. "Vilikuwa vya kupungia askari wa barabarani tu, na wao hawakuwahi kunipungia." Binti alitabasamu, lakini vidole hivyo aliendelea kuvikumbuka kila alipomwekea mtu vioo mbele ya jicho. Mteja akisema ya pili inatosha, siku hizi alimwamini.

Jioni moja binti alikuwa jikoni akimenya vitunguu. Kutoka sebuleni ikalia honi. Kimya kidogo. Ikalia tena.

Kitufe cha honi kilikuwa upande wa kushoto wa usukani, mahali ambapo gumba la kushoto peke yake ndilo linalofika, na hakikuwahi kulia hata siku moja. Binti alitupa kisu, akatoka mbio, ndala moja mguuni na nyingine imebaki jikoni.

Mzee Honi alikuwa ameegesha lori lake kwenye kona moja ya barabara ya gemu. Gumba lake lilikuwa bado juu ya kitufe, likitetemeka kwa kazi nzito lililoifanya.

"Nimerudi, mama," akasema.

Binti alipiga magoti, akalishika lile gumba, akaliweka shavuni mwake penye machozi, wala hakuyasingizia vitunguu. Pembeni yao kompyuta yenye ubavu wazi iliendelea kunguruma na feni yake inayokwaruza. Ile kompyuta ya kifalme ilikuwa chini ya mguu wa meza, imekunjwa mara nne, haijawahi kumfikisha mtu popote. Kweli waliosema hawakukosea: mchagua jembe si mkulima.