Digidigi na Chapa za Kukodi

Mpo?

"Tupo."

Masikio mmekuja nayo?

"Yote mawili."

Basi tulieni.

Zamani, zamani sana, wanyama walipokuwa wakivaa nguo, mambo yalianza siku ya Jumanne, saa mbili na robo asubuhi. Si saa mbili na nusu. Na robo.

Saa hiyo Ngawa alibisha mlangoni kwa Digidigi, binti mchora leso. Ngawa ndiye aliyekuwa na chapa za mbao za kupigia nakshi. Hakuziuza, alizikodisha tu. Mwezi ukiandama, kila mchoraji alimpelekea pishi moja ya mtama. Na michoro yote ya wachoraji ilikaa ndani ya sanduku lake.

"Mwezi huu pishi mbili," akasema Ngawa. Digidigi akalipa.

Mwezi wa pili akaja tena. "Pishi tatu." Digidigi akalipa.

Mwezi wa tatu, siku ya Jumatano, akaja tena. "Pishi nne, mwanangu. Nimeongeza chapa ya ua jipya."

"Ua hilo silitumii, Bwana Ngawa."

"Nani kakulazimisha kulitumia? Wewe lilipie tu."

"Ninazo tatu."

Ngawa akachukua chapa zake, akaenda kulifunga sanduku. Humo mlikuwa na mchoro wa leso ya harusi ya binti Kongoni, na harusi ilikuwa Ijumaa.

Mama Kongoni aliposikia, akaja mbio. "Mwanangu akitoka na leso ya kuazima, Digidigi, hakuna nyumba mji huu itakayokupa kazi tena. Nitahakikisha."

Digidigi akaenda kwa Bibi Nungunungu, muuza miiba ya kuchorea.

"Shikamoo, bibi. Mwiba mmoja kiasi gani?"

"Marahaba. Pishi mbili."

"Kwa mwezi?"

Nungunungu akacheka hadi miiba ikagongana mgongoni. "Mwezi wa nini, mjukuu wangu? Ukinunua ni wako. Ukitaka, utafune."

Digidigi akanunua, akaketi kuchora. Pindo la kwanza likaenda upogo. La pili wino ukatapakaa. La tatu likanyooka. Akachora mji wa leso, ile sehemu ya katikati, kwa kukumbuka, ua baada ya ua, kila ua petali saba. Akazihesabu mara mbili.

Alhamisi Ngawa akachungulia dirishani. "Rudi, mwanangu. Nakupunguzia, pishi tatu. Mimi nina chapa mia."

"Nilikuwa natumia nne."

"Na michoro yako ya miaka mitatu?"

 Michoro ile Digidigi aliipenda. Lakini hakuuweka mwiba chini.

"Kaa nayo," akasema. "Mkono ulioichora nimeondoka nao."

Ijumaa binti Kongoni akatoka na leso yake mpya, vigelegele mji mzima. Wachoraji watatu wakamfuata Digidigi, wakamuuliza kwa Nungunungu ni njia gani.

Funzo ni hili: chombo cha kazi yako kiwe mkononi mwako, kisiwe mkononi mwa anayeweza kukupokonya kila mwezi ukiandama.

Ngano yangu naifunga fundo. Palipolegea, kazeni wenyewe.

Na Digidigi? Kesho yake asubuhi alijifunga leso aliyojichorea mwenyewe, yenye jina NIMESHANUNUA, USINISUBIRI. Akapita mbele ya mlango wa Ngawa kwenda kisimani, akarudi, akapita tena. Ndoo hakubeba.