Manju Kapembe na Homa ya Wande

“Miombo huwaka, chungu hakichemki.” Mmemsikia shangazi yenu akimwambia mjomba wake maneno hayo, nanyi mnaniuliza yalitoka wapi. Methali hii ilianza hivi.

Enzi za watemi, huku kwetu Unyamwezi, aliishi manju mmoja, mtunzi na kiongozi wa ngoma, jina lake Kapembe. Alivaa ngozi ya chui na manyoya ya mbuni, akacheza huku chatu mzima amemlalia mabegani. Harusi haikuanza bila yeye. Palipotokea msiba, hata mbali, alikwenda kuwaliwaza wafiwa. Watu waliwapa watoto wao jina lake.

Mwaka mmoja, kiangazi kikielekea ukingoni, miombo ilichipua majani machanga kabla ya mvua, kama ilivyo desturi yake. Vilima vyote vikawa vyekundu kama shaba. Ndiyo majira yetu mazuri kuliko yote, na ndiyo majira ya njaa, maana maghala huwa matupu. Mtemi akaitisha ngoma kubwa. Asubuhi ya ngoma hiyo, Wande, binti pekee wa Kapembe, aliamka na homa kali.

“Baba Wande,” mkewe Nyamizi alimwambia, “mbebe mtoto umpeleke kwa mganga, ng’ambo ya msitu. Mimi na mguu huu uliovimba sitafika upesi.”

“Watu wametoka mbali kwa ajili yangu. Nitawaambia nini? Nikirudi jioni nitambeba.”

“Na homa nayo niiambie ingoje jioni?”

Kapembe alimgusa mtoto shavuni, akaondoka na njuga zake miguuni.

Nyamizi akamfunga Wande mgongoni kwa kaniki, akaingia msituni akichechemea. Njiani alikutana na watu waliokuwa wakienda ngomani.

“Mke wa manju, mbona unaipa ngoma mgongo?” wakamtania. “Tazama msitu unavyowaka! Hata miti inamshangilia mumeo.”

Akawaambia mtoto ni mgonjwa. Wakampa pole, wakapita.

Kabla hajafika mbali, alihisi joto la mgongoni linapungua. Alifurahi, akadhani homa imeshuka. Akaendelea kutembea, akimwimbia Wande taratibu. Alipoketi kumnywesha maji, akafungua kaniki, ndipo alipojua.

Walimzika kesho yake. Umati ulikuja, kwa heshima ya manju. Kapembe alilia, na machozi yake yalikuwa ya kweli. Kisha akasimama, akafuta uso.

“Jamani, nimemtungia mwanangu wimbo. Tangu nchi hii iwepo, hakuna aliyewahi kuimbiwa hivi.”

Watu wakasogea wasikie.

“Keti, Kapembe,” akasema Nyamizi. Hakupaza sauti. “Msitu ule umewaka tangu mwezi uandame. Nimepita chini yake na mtoto wangu. Nenda kateleke chungu pale, uone kama kitachemka.”

Kapembe aliketi. Wimbo ule haukuimbwa siku ile.

Mngependa niwaambie kwamba aliacha ngoma. Hakuacha. Mwaka uliofuata aliimba vizuri kuliko zamani, na wimbo wa Wande uliwaliza watu nchi nzima. Nyamizi alikwisha kurudi kwao. Wapita njia walipomsifia mumewe, alisonga ugali wake bila kuinua macho, akawajibu neno moja tu: “Miombo huwaka, chungu hakichemki.”