Presha ya Ghorofa ya Nne

Wahenga walisema mficha uchi hazai: anayeficha shida yake asitegemee msaada. Mwanafunzi wetu wa udaktari aliijua methali hii tangu darasa la tatu, lakini kuijua methali na kuifuata ni vitu viwili.

Siku ya kongamano la madaktari alisimama kwenye korido, koti jeupe limenyooka kwa pasi, akimsomea dada yake utafiti wake. Mshindi wa shindano la utafiti siku hiyo angepewa nafasi kwenye kikosi cha watafiti cha hospitali kuu, na nafasi hiyo binti aliiota hata akiwa macho.

"Kati ya wagonjwa mia mbili niliowapima kliniki ya ghorofa ya nne, zaidi ya nusu wana presha ya juu."

Dada yake, mkunga ambaye mdomo wake hauna breki, akaangua kicheko. "Ghorofa ya nne? Mwezi ule lifti si ilikuwa mbovu? Mimi nilikuletea chakula nikafika ulimi nje! Uliwapumzisha kwanza?"

Binti akanywea kama puto lililotoboka. Foleni ilikuwa ndefu. Aliwapima wakiwa bado wanahema kwa kupanda ngazi.

"Dada, nyamaza! Nani atajua?"

"Mdogo wangu, mama akija kwangu kujifungua kajiviringisha shuka hadi kidevuni, namzalishaje?"

Mara akaitwa jukwaani. Alianza vizuri tu. Alipofika kwenye majibu, akaikumbuka ile shuka aliyoisema dada yake, akaweka karatasi chini.

"Waheshimiwa, namba hizi msiziamini. Lifti ilikuwa mbovu, na sikuwapumzisha wagonjwa. Sijui nilipima presha au nilipima ngazi."

Ukumbi ulicheka mpaka mwenyekiti akavua miwani kufuta machozi. Binti alitamani ardhi immeze. Ndipo daktari bingwa mmoja wa moyo, kichwa cheupe kama pamba, akasimama.

"Binti, usishuke kwanza. Kliniki yangu iko ghorofa ya tatu na lifti hatuna kabisa. Miaka kumi napima watu wanaohema, kisha nawaandikia dawa! Njoo kwangu tupime upya, kabla ya kupumzika na baada. Utafiti uwe wako, wagonjwa na vipimo nitakupa mimi."

Ushindi ulikwenda kwa mwingine. Lakini Jumatatu asubuhi binti alikuwa ghorofa ya tatu, anapanga mabenchi ya kupumzikia, huku bingwa mwenyewe akimshikia benchi upande wa pili.

Angenyamaza, angeshuka jukwaani na makofi na uongo wake. Mficha uchi hazai.